Usukani wa Zamani

Kaka,

Mama hajambo, na kuku wake wameongezeka. Kazi ya lori la baba imekwisha. Injini kubwa uliyotuma imekaa, ingawa ilibidi nikate na kuchomelea upya vishikio vyake. Usukani nao sasa ni wa pawa, kama ulivyotaka, ili mkono wa baba uliopooza usimzuie kazi.

Nilimpandisha mwenyewe. Akauzungusha kwa kidole kimoja, lori likageuka kama toroli. Nikacheka, nikidhani atafurahi. Akazima injini.

"Miaka yote madereva walishindwa kulikatisha kona hili lori, wakaniita mimi," akasema. "Sasa hata mama yako ataliendesha."

Akanikabidhi funguo, akaenda kulala.

Tangu siku ile hajatoka kitandani. Chakula anakigusa tu. Juzi aliuliza usukani wa zamani uko wapi, nikampelekea, mkubwa kama sinia. Anaulaza kifuani, anafumba macho, anakata kona kwa mkono mmoja huku jasho likimtoka. Mama anamwambia, "Punguza mwendo, mume wangu." Hapunguzi.

Usitume kitu tena, kaka. Njoo mwenyewe, kabla hajafika.

Mdogo wako,
fundi wenu