Majirani wa Violeti Yangu

Jumamosi, Bunia. Jua kali tangu asubuhi, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Mimi nimenuna.

Nimenuna kweli. Ninaandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayeniambia eti mtoto wa kike hakasiriki hivyo. Nyumbani wananijua: mimi ndiye yule anayejibu kwa kutikisa kichwa. Leo nilijibu kwa mdomo.

Nianze na violeti yenyewe, ua langu la kopo. Mtawa aliyetufundisha biolojia alinipa jani lake moja tulipomaliza mitihani ya mwisho. Si mmea, jani tu, limefungwa kwenye karatasi iliyolowa. Akaniambia nilichomeke kwenye udongo mwepesi na nisiwe na haraka. Baada ya muda mrefu vikachomoza vijani vidogo kama masikio ya panya, vyenye manyoya, halafu siku moja ua la zambarau. Wenzangu wengi wameshaondoka kwenda kusoma. Mimi bado nipo, sijui nitakuwa nani, na ua lile ndilo kitu pekee ambacho naweza kusema nimekifanya tangu nimalize shule.

Lakini violeti haipendi kiangazi chetu. Inataka hewa yenye unyevu. Ukimwaga maji juu ya majani yake yanapata madoa, na udongo ukijaa maji mizizi inaoza. Nilisoma kwenye simu kwamba inasaidia kuipa majirani, mimea mingine ya kukaa nayo karibu ili hewa kati yao isikauke.

Sasa majirani si kuokota tu. Mshubiri ulikataa: wenyewe unataka jua la kuunguza, violeti inataka mwanga usiochoma. Mmea wa kutambaa wa Mama ulikuwa mkarimu kupita kiasi, ukanyoosha mikono juu ya violeti mpaka ukaifunika. Niliuhamishia sebuleni. Nikatafuta wanaopenda kivuli kama yeye na wasio walafi. Bondeni karibu na kijito nikapata kangaga, ule mmea wa kivulini ambao ncha zake changa zimejikunja kama mkia wa kinyonga. Kaka yangu Justin, anayeendesha lori njia ya Mambasa, akaniletea begonia ya msituni, mmea wa shina laini, ndani ya jani la ndizi. Aliibeba kwenye kabini kama yai. Jirani akanipa peperomia, mmea mfupi wenye majani mazito, unaokua polepole. Na nilikuwa na violeti ya pili, mtoto wa ile ya kwanza, ambayo haijawahi kutoa ua.

Kila mmoja kwenye kopo lake, yote juu ya sinia lenye vijiwe na maji kidogo chini, kwenye dirisha la chumba chetu linalotazama jua likichomoza. Chumba chetu, yaani changu na cha Shangazi. Ni dada mkubwa wa Baba. Alikimbia vita na watu wa kijiji chao kule Djugu, na tangu hapo analala kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha.

Nilichagua vizuri. Nataka hilo liandikwe mahali.

Leo ilikuwa salongo, usafi wa asubuhi ambapo mtaa mzima unatoka kufagia. Mimi nilipelekwa nje kufyeka majani kando ya mtaro. Shangazi alibaki kusafisha ndani. Kabla ya kutoka nilimwambia, kwa heshima yote, "Shangazi, tafadhali usiguse maua yangu."

Niliporudi nikakuta makopo yangu uani. Yameoshwa. Yamepangwa juani kwa mstari, midomo chini, yanang'aa.

Nilikimbia chumbani. Dirishani ilibaki violeti moja, ile yenye ua, imefutwa vumbi, iko peke yake katikati ya sinia kavu.

Shangazi alikuwa anakunja blanketi. Alinitazama kama mtu aliyefanya kazi nzuri na anangoja kushukuriwa. "Maua yako iko pale, sikugusa," alisema. "Nilitoa majani tu."

Majani. Hapo ndipo damu ilipopanda. Kwetu nyumbani kuna maneno mawili, maua na majani, basi. Chenye rangi ni maua, kinaheshimiwa. Kisicho na rangi ni majani, na majani hufyekwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuyafyeka mtaroni, panga mkononi. Shangazi alitii nilichosema, neno kwa neno.

Nilikwenda kwenye rundo la takataka la mtaa na kuchakura huku majirani wakiniangalia. Begonia imekatika shina. Kangaga imebaki mizizi na uchafu. Baba alipita, akacheka, akasema ni majani tu, bondeni yamejaa. Justin akaongeza kwamba ningesema mapema, tungeyapika na mafuta ya mawese. Watu wanacheka upesi sana juu ya kitu ambacho hawakukingoja.

Nilirudi chumbani na violeti ndogo iliyopondeka mkononi. Nikasema kwa sauti, na sauti ilikuwa yangu, "Shangazi, hii maua unaona, ilitoka mu jani. Jani moja tu. Hii ulitupa ni mutoto yake."

Alikaa kitandani. Nilidhani atanigombeza kwa kumjibu mtu mzima. Hakunigombeza.

"Siye tulirudia kule Djugu kuangalia nyumba," alisema. "Mulango hakuna, bati hakuna. Majani iko mu chumba ya kulala, inasimama kama watu. Pale kitanda ilikuwa. Na weye unaiingiza yenyewe, unaiweka karibu na kichwa yangu. Kila asubuhi nafungua macho, naona majani mu dirisha. Naona ni kule."

Tangu alipofika kwetu hakuwahi kunieleza habari za nyumba ile. Wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Nimejaribu mchana wote kuacha kukasirika, kwa sababu ingekuwa vizuri kuacha. Imeshindikana. Bado angeweza kuniuliza. Bado ni dirisha langu pia. Na sasa nina hasira nyingine juu ya ile ya kwanza, kwa watu waliomfukuza mpaka nyumba yake ikaota majani, na hiyo sijui niipeleke wapi. Wao hawako hapa. Aliyeko hapa ni Shangazi.

Majani mawili ya violeti ndogo yalikuwa mazima. Nimeyachomeka kwenye udongo mpya. Peperomia nayo imebaki na kipande kinachoweza kuota. Kesho baada ya misa nitashuka tena bondeni kutafuta kangaga. Sitaiacha violeti ikauke peke yake ili nionekane mtoto mwema.

Ila sinia halitalala tena pale dirishani. Kila jioni nitalitoa nililaze jikoni mbali na moto, asubuhi Shangazi akishaamka nitalirudisha kwenye mwanga. Mimea haipendi kuhamishwahamishwa. Mimi pia sipendi. Nitafanya hivyo hivyo nikiwa nimenuna.

Leo giza lilipoanza kuingia nililibeba, makopo yakigongana, mikono yote miwili imejaa. Shangazi aliniona nimekwama. Akainuka, akanifungulia mlango, akaushika mpaka nikapita.

Hakusema pole. Na mimi sikusema asante.