Koti la Verlyn

Kaunti ya Perkins, South Dakota
Septemba 19

Dada yangu LaVonne,

Natumaini goti lako limepoa na sasa unapanda ngazi bila kumlaani daktari. Huku sisi ni wazima. Viazi nimevichimba vyote, paka amezaa tena chini ya trekta, na usingizi huja siku moja na kukosa mbili, ila silalamiki. Najua unangoja habari za Jumamosi, maana Janelle alikwambia kwamba familia nzima inakwenda mbugani kutembea na kupiga picha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nisingeweza kuyasema.

Tulikwenda kwa magari mawili. Janelle alikuwa amewanunulia watu wote, hadi wajukuu, mashati ya rangi ya haradali ili tufanane. Unamkumbuka Verlyn wangu, mtu aliyekwenda kumwoza binti yake huyo huyo na viatu vya zizini kwa sababu vya kanisani vilimbana. Nililivaa langu nikajiona kama chupa ya haradali kwenye meza ya chakula.

Kwanza tuliwaona nyati, kundi zima, wakigaragara vumbini. Janelle alirudi nyuma akitafuta picha nzuri, akakanyaga kinyesi, na mwanawe Tate akamwambia sasa hata viatu vyake vimepata haradali. Nilicheka nami. Kisha tukafika kwenye nyumba ya udongo ya babu yake Verlyn, au shimo lililobaki, tukala mikate ya nyama na kunywa kahawa ya chupa. Nilimkamata kupe akinitambaa shingoni, nikamponda juu ya jiwe. Hicho ndicho kitu safi kuliko vyote nilivyogusa siku ile.

Mpiga picha, msichana mpole anayeitwa Brynn, alitungoja kilimani. Alitupanga, akaacha nafasi ubavuni mwangu. Nikauliza ni ya nani. Janelle akasema ni ya Baba. Ndipo nikaelezwa jambo walilokwisha kulipanga bila mimi: shemeji Orrin, kwa kuwa ana umbo la kaka yake, atasimama pale amevaa koti la Verlyn, halafu Brynn atakiondoa kichwa chake kwa kompyuta na kubandika cha marehemu, kutoka kwenye picha za zamani. Koti lenyewe Janelle alikuwa amelitoa chumbani kwangu, kwenye msumari wake, bila kuniuliza.

Dada, mate yaligeuka machungu kinywani. Walikuwa wanapitia vichwa vya mume wangu kwenye simu kama watu wanaochagua taa ya sebuleni: hiki kimeinama mno, hiki kina kivuli, hiki kimefumba jicho. Miezi sita tu tangu tumzike.

Orrin mwenyewe aliona aibu. Alinung'unika kwamba kama Verlyn angekuwepo, angemwambia avue koti la watu akalishe ng'ombe. Mkewe Darlys alimnyoosha kola, akanipokea kikombe changu cha kahawa, akasimama nyuma ya kamera. Ningekataa, lakini macho ya Janelle yalikuwa mekundu, nami sijawahi kumkatalia mtoto anayelia.

Akaniambia, "Mama, usikunje uso. Mshike mkono tu, kama ulivyokuwa unamshika Baba."

Nilimshika kwa kinyaa.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Brynn alituambia tutazame mbali, kwa hiyo uso wa Orrin sikuuona. Niliona upindo wa koti, na mkono wenye gumba fupi na ngozi ngumu, sawasawa na wa kaka yake. Kanisani, mahubiri yakirefuka, nilikuwa namminya Verlyn mkono mara mbili, naye ananijibu mara mbili. Niliuminya mkono ule. Ukanijibu. Mara mbili.

Brynn akasema inatosha. Nikasema upepo umenipeperushia nywele usoni, arudie. Akarudia. Nikasema tena ni upepo. Zilipigwa picha nne, LaVonne, na nyasi za kilima kizima zilikuwa zimesimama tuli. Darlys alikuwa bado ameshika kikombe changu. Orrin hakuutoa mkono wake.

Nyumbani nililinusa koti. Tangu Machi lilikuwa na harufu ya Verlyn, dizeli na peremende, na nililiacha pale msumarini lisiishiwe. Sasa linanukia mafuta ya Orrin ya kunyolea. Nililinusa hivyo hivyo, mpaka nikajichukia kuliko nilivyomchukia mtu yeyote kule kilimani.

Janelle anataka jibu kabla ya Jumatatu ili kichwa kibandikwe. Nimemwandikia kwamba sitaki, na picha zote nne zifutwe. Koti nimelipeleka kwa Orrin, nikamwachia Darlys mlangoni.

Janelle atakupigia simu akilia, akuulize mama yake ana roho gani. Mfariji, mwambie nampenda, na usimwambie lolote zaidi. Akiuliza kwa nini picha ile ilirudiwa na kurudiwa, mwambie ulikuwa upepo.

Msalimie Gene, na ulitunze goti hilo.

Mdogo wako,
Ardis