Habari za Bwana wa Mawe

Jumatatu, 6 Juni 1910

Nimepima kaniki tangu asubuhi. Pima, kata, kunja. Upepo umejaza vumbi dukani na tajiri ananigombeza mimi, kana kwamba upepo nimeuleta mimi. Miaka mitatu nimekaa shule ya serikali. Nasoma, naandika, Kijerumani kidogo nakisikia. Na kazi yangu ni mkasi. Nimeuchukia.

Alasiri kaja nyapara wa Mdachi mmoja aliyechukua kazi ya kupasua mawe ya reli, mbele ya Zuzu. Bwana wake anataka karani. Kiti kipo, meza ipo. Sharti moja tu: karani aje na watu tisa wa kushika nyundo.

Watu tisa ninao. Wamelala uani kwa mama.

Jumatano, 8 Juni

Mjomba Ndahani na wenzake wanane wametoka Kibakwe kwa miguu kutafuta kazi. Mtama wao uliungua shambani. Nimewaeleza habari ya mawe. Mjomba akasema, "Sisi hatujui kusoma, mwanangu. Macho yetu ni wewe. Ukisema twende, tunakwenda."

Neno hilo limenilemea. Wangekataa ingekuwa nafuu.

Sitaingia kazi ya mtu nisiyemjua, wala sitawaingiza wao. Nitakwenda mwenyewe kuuliza habari zake. Nimechonga kalamu ya risasi na kuchukua daftari jipya. Nimeandika maswali. Anapiga watu? Analisha? Mtu akiugua anafanywa nini?

Jumamosi, 11 Juni

Zuzu, kwenda na kurudi. Miguu inawaka. Viatu nimeazima, lakini mtu hawezi kwenda kuuliza mambo ya maana pekupeku kama mchunga mbuzi.

Nimeuliza wengi. Mpishi wa kambini. Mama mmoja auzaye maziwa ya mgando kando ya tuta la reli. Kibarua mrefu, Mkulago jina lake. Sikupoteza wakati. Hujambo, sijambo, daftari wazi, swali la kwanza. Wote jibu moja: Bwana mwema, chakula kipo, kazi si ngumu. Nimeandika yote, kila mtu na jina lake.

Mkulago hakunitazama usoni hata mara moja. Alikuwa akiitazama kalamu. Nadhani anaitamani, maskini.

Jumapili, 12 Juni

Nimewasomea kina mjomba daftari uani. Wamefurahi. Mmoja akacheza kidogo.

Mama peke yake hakufurahi. Akaniuliza niliwaamkia vipi watu wale. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Anasema Mgogo hakuambii hata habari ya mbuzi wake kama hujamwamkia sawasawa, ukauliza nyumba, ukauliza ng'ombe, ukauliza mvua, ukakaa chini. Mimi nilisimama.

Nilicheka. Mambo ya kizamani. Yeye hajui kushika kalamu.

Nimemrudishia tajiri mkasi wake.

Jumatatu, 20 Juni

Kiti kipo kweli. Meza ipo. Katika wote niliowauliza, nyapara ndiye aliyesema uongo mdogo kabisa.

Kabla ya jua naita majina. Anayechelewa kuitika analazwa chini. Nyapara anapiga kiboko, karani anahesabu kwa sauti ili wote wasikie. Hiyo ndiyo kazi ya karani. Leo nimehesabia watu watatu. Mchana uji, nao ni maji yaliyopitishwa karibu na unga.

Jioni kina mjomba wamekwenda kuota moto mbali nami. Afadhali.

Alhamisi, 30 Juni

Mjomba Ndahani ana homa. Nilipoita jina lake aliitika akiwa amelala. Bwana akasema mvivu. Ishirini na tano.

Nilihesabu.

Kwenye kumi na moja sauti ilikatika. Nyapara akanitazama, akasema nikikosea anaanza upya kutoka moja. Basi nikahesabu vizuri. Sijapata kuhesabu vizuri hivyo maishani mwangu. Mjomba hakulia. Alikuwa ameng'ata kitambaa, kile nilichomkatia mimi dukani.

Naichukia sauti yangu.

Ijumaa, 1 Julai

Nimemkamata Mkulago kisimani. Nikamtukana. Nikamwambia mjomba wangu hawezi kulala chali kwa sababu ya uongo wake.

Hakukasirika. Akatua mtungi. "Ulikuja na viatu, una daftari," akasema. "Hujauliza hata nimelalaje, umeshaandika jina langu. Hapa kwetu mwenye kalamu anaandika watu wa kodi au watu wa kukamatwa. Tulijua umetumwa na Bwana. Ungekuwa wewe, ungesemaje?"

Nilimkasirikia mpaka jua likazama. Kisha hasira ikakosa pa kukaa ikarudi kwangu. Mama alijua. Mama asiyejua kushika kalamu.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema.

Jumapili, 10 Julai

Wawili katika wale wanane walitoroka Alhamisi. Leo askari wamewarudisha wamefungwa kamba. Hawakupata shida kuwapata. Majina, baba zao, vijiji vyao, vyote niliviandika siku tuliyoingia kazini, vilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Mjomba anasimama sasa. Amerudi kwenye nyundo. Nilimpelekea uji wangu, akaupokea, akampa mwenzake.

Jumanne, 26 Julai

Upepo leo umetulia. Baridi.

Mchana kaja kijana mgeni toka upande wa Kilimatinde. Shati safi, viatu. Anasema Bwana anataka karani wa pili, naye hapendi kuingia kazi asiyoijua, amekuja kuuliza. Hujambo, sijambo. Akafungua daftari.

Nyapara alikuwa mbali. Bwana alikuwa hemani. Hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Niliitazama kalamu. Nikajiuliza kama asemayo ni kweli, au ametumwa na Bwana. Sikuweza kujua. Nikamwambia Bwana mwema, chakula kipo, kazi si ngumu.

Akaniuliza jina langu, nikamtajia. Akaandika, akashukuru, akaenda zake anapiga mluzi.

Mjomba alikuwa kwenye mawe, hatua chache tu. Alisikia yote. Alifuta jasho, akainua nyundo, akaendelea na jiwe lake.