Tone Ambalo Sikulipima

Jumanne, 4 Machi

Slaidi kumi na nne za malaria kabla ya saa nne. Mbili tu ndizo zilizokuwa na wadudu. Mikojo, vyoo, makohozi ya mzee mmoja jirani yangu wa Muyeye, aliyeyaleta kwenye kikopo cha majarini. Nimemrudisha. Mwanaisha, mwenzangu wa maabara, amefunga na hataki kuongeleshwa. Joto. Feni imekufa tena.

Dama, mke wa mdogo wangu Karisa, amepiga simu kutoka Magarini. Karisa anaumwa kichwa tangu Ijumaa. Panadol haisaidii. Nikamwambia amlete apimwe malaria. Nilisema upesi upesi, kama ninavyomwambia kila mtu. Tangu hapo moyo haujatulia.

Alhamisi, 6 Machi

Wamefika asubuhi. Karisa amejifunika kanga ya mkewe usoni, hataki mwanga. Malaria hana. Daktari alijaribu kumwinamisha kichwa, shingo imekakamaa kama ubao. Wakamtoa maji ya uti wa mgongo.

Kichupa kikaja mezani kwangu. Jina la ndugu yangu kwenye karatasi.

"Lete, nitasoma mimi," alisema Mwanaisha.

Nikakataa. Tone la maji, tone la wino mweusi, kioo juu yake, hadubini.

Vimejaa. Vidoa vya duara, kila kimoja na uwazi mweupe kukizunguka pale wino usipoingia. Weupe huo ndio ganda lake. Kuvu. Wanafunzi wakija mazoezini huwa nawaita waione, nawaambia ni nzuri. Leo nimetapika kwenye sinki.

Kuvu hii iko vumbini, iko kwenye kinyesi cha njiwa. Sote tunaivuta puani. Kinga ya mwili huizungushia ukuta, mambo yakaisha. Kinga ikidhoofika, kuvu inatoka. Chembe nyeupe za damu zikija kuimeza, lile ganda linateleza, hazipati pa kushika. Na hata zile kuvu zinazomezwa hazifi. Zinakaa ndani ya askari yuleyule aliyekuja kuziua, zinazaana humo, zinabebwa naye hadi kwenye ubongo. Nilifundishwa haya chuoni nikayaandika kwa kalamu za rangi mbili. Sikuwahi kuyaogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika yote.

Daktari aliniuliza, "Ndugu yako anatumia dawa za virusi?" Nikasema sijui.

Najua. Mwishoni mwa Januari Karisa alikuja kwangu, akakaa jikoni, akaniambia ana virusi vya UKIMWI, mwaka wa nne huu, na dawa ameziacha miezi minane. Amechoka kuzificha. Dama hajui lolote. Makopo matatu yako ghalani, nyuma ya bomba la kunyunyizia dawa shambani. Alikuwa amekonda. Nikamgombeza, nikalia, nikamwambia, "Anza leo. Usikose hata siku moja." Akanisikiliza. Amekuwa akinisikiliza tangu utotoni.

Ilitakiwa aende kliniki, apimwe kwanza kama kuvu hii imo mwilini, ndipo aanze. Aliogopa kuonekana. Nami nikaona haya pamoja naye. Kipimo chenyewe nakifanya mimi kila wiki. Tone la damu, dakika kumi.

Sikumpima.

Kuvu ilikuwa imejificha tayari. Dawa zikaiamsha kinga. Kinga ikaikuta kichwani, ikaanza kupigana nayo humo humo. Ubongo unavimba kwa vita hivyo. Mimi ndiye niliyeviwasha. Na daktari nimemwambia sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Kilifi, hospitali kubwa. Dripu ya kuua kuvu iko huku. Wamemlaza. Ameniita mama.

Jumapili, 9 Machi

Dripu inamtetemesha hadi kitanda kinagonga ukuta. Dama alimlalia amzuie. Muuguzi anasema ndivyo dawa hiyo ilivyo, tuvumilie. Maji yamebana kichwani kupita kiasi, kwa hiyo watamchoma mgongoni kila siku kuyapunguza. Leo yalitoka kwa kuruka. Mimi nilishika miguu. Akanitukana kwa Kigiriama, matusi ambayo sijayasikia tangu baba afe. Nilifurahi. Anayetukana yuko hai.

Jumatatu, 10 Machi

Hatukani tena.

Asubuhi kila mtu alimwona wawili. Mchana hatambui mtu. Daktari wa wodi, mama mmoja mpole, amesoma faili mara mbili.

"Kuna kitu hakilingani," alisema. "Dripu anapata, maji tunayatoa, na bado anavimba. Alikuwa ameanza dawa za virusi karibuni?"

Nikinyamaza tena atakufa. Nikasema yote. Januari. Ghala. Kwamba mimi ni mtu wa maabara. Nikapekua suruali ya Karisa iliyokuwa chini ya kitanda, nikatoa kopo la dawa mfukoni. Amekuwa akizimeza kwa siri hata hapa wodini, mpaka akili ilipomruka, kwa sababu nilimwambia asikose hata siku moja.

Daktari hakunigombeza. Ningeona afadhali angenigombeza. "Bora umesema leo," alisema, akaandika dawa ya kutuliza uvimbe, na zile za virusi zisirudishwe mpaka atakaposema yeye.

Nilipogeuka, Dama alikuwa nyuma yangu na chupa ya uji.

"Wifi, virusi gani?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akaiweka chupa chini taratibu. Akaketi sakafuni palepale.

Jumatano, 12 Machi

Yuko vilevile. Dama hanisemeshi. Tunapokezana kukaa karibu na kitanda, mmoja akija mwingine anaondoka. Sijaoga. Kusali sijui vizuri. Nimesema tu: mchukue au mrudishe, usimwache hapa katikati.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna jipya.

Jumamosi, 15 Machi

Dama amepimwa. Hana virusi. Alitoka chumba cha ushauri analia kuliko siku ile. Nikamfuata hadi kwenye bomba la maji uani.

"Usiniguse," alisema. Akanawa uso. "Nampikia, namfulia, nalala naye. Anakonda mbele ya macho yangu, nawauliza ana nini, nyinyi mnanitazama tu."

Ana haki. Nilitaka kusema mimi nimejua mwezi na nusu tu. Nimeona aibu hata kuiandika hiyo "tu".

Jumatatu, 17 Machi

Amefumbua macho. Ameomba maji. Amemtaja Dama kwa jina, amenitaja mimi. Homa imeshuka. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi mbele za watu.

Kisha akauliza, "Mbona hamwashi taa?"

Ilikuwa saa saba mchana. Dirisha lilikuwa wazi, jua limemkalia kifuani.

Jumamosi, 22 Machi

Maji ya mgongo yaliyopandwa maabara hayajaotesha kitu. Kuvu imekufa. Nimeomba kuiangalia sahani ya kuoteshea mwenyewe, wakaniruhusu. Safi kabisa.

Macho hayatarudi. Maji yalibana mishipa yake kwa siku nyingi. Siku ngapi kati ya hizo ni zile nilizosema sijui? Nilimuuliza daktari. Akasema hilo hakuna anayeweza kulijua. Anajaribu kunisitiri.

Nimemwambia Karisa kila kitu, kipimo, dakika kumi, uongo wangu. Alisikiliza huku anapapasa ukingo wa shuka.

"Mimi ndiye niliyeacha dawa, dada," alisema.

Haikunisaidia hata kidogo. Nilitaka anitukane.

Jumapili, 4 Mei

Magarini. Mvua imekubali mwaka huu. Karisa amenenepa mashavu. Dawa za virusi ameanza upya mwezi uliopita, kliniki, Dama akimshika mkono mbele za watu wote. Dama alinitolea kiti, akaniletea chai. Hakuketi nami. Si haba.

Karisa aliniita barazani.

"Nenda uniangalizie mahindi. Dama ananiambia ni mazuri yote. Wewe nieleze yalivyo."

Nikaenda, nikatembea mstari kwa mstari, nikarudi na matope hadi magotini.

"Ya juu yamestawi, yamenifika kiunoni," nilimwambia. "Ya bondeni yameoza kwa maji. Kona ya mipapai, tumbili wameng'oa."

"Kona yote?"

"Yote. Hapana hata mche mmoja."

Akageuzia uso upande wa shamba.

"Basi pale tutatia kunde," alisema.

Dama alikuwa mlangoni, anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Jembe la pili liko nyuma ya nyumba, wifi."

Nikaenda kulichukua.