Upande wa Kushoto wa Amplifaya ya Odhiambo

Jumapili, 4 Mei

Nimefuta vumbi kwenye santuri, nikaziacha valvu, zile taa za kioo za amplifaya, zipate moto, nikakaa kitini. Kama kila Jumapili baada ya ibada. Leo nilikuwa na sababu ya ziada ya kufurahi: amplifaya ya Odhiambo imerudi kwangu.

Rafiki yangu Athmani aliileta jana jioni kutoka mtaa wa Kaloleni. Mvua ilikuwa inanyesha. Akaiweka mezani, akasema anawahi swala ya Magharibi, akaenda zake. Sikupenda. Desturi yetu ni kwamba anayetoa na anayepokea hukaa pamoja, wakasikiliza upande mzima wa santuri moja, ndipo wakapeana mikono. Marehemu Odhiambo ndiye aliyetuachia desturi hiyo pamoja na amplifaya yenyewe. Aliagiza iwe yetu watatu, mimi, Athmani na Karanja. Izunguke nyumba hadi nyumba, isikae kwa mtu zaidi ya miezi miwili. Tukigombana kwa ajili yake, mkewe aichukue aiuze. Alitujua vizuri, hasa mimi.

Sauti ina kasoro. Upande wa kushoto umefifia. Si kimya, la. Umefifia kama mtu anayezungumza huku amejifunika shuka. Matoazi hayapo kabisa. Fidla zimekuwa pamba.

Jumatatu, 5 Mei

Mhariri wa gazeti ninaloandikia anasubiri makala yangu kuhusu makanisa yanayofunga spika za bati juu ya paa. Sijaandika hata sentensi. Lakini hoja ninayo. Mji huu unapenda kelele na unaogopa sauti. Kelele haikudai chochote, unaweza kula, kugombana, kulala ndani yake. Sauti inakudai ukae. Nikisema hivi jirani zangu wa Donholm hucheka, wananiona mtu mzima aliyenunua spika zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu ili asikie wimbo anaoweza kuusikia kwenye simu. Na matajiri wa ng'ambo ya mji wananunua mitambo ya bei ya nyumba, wanaiweka sebuleni kama kichwa cha nyati. Hao nawadharau zaidi.

Nimefungua mfuniko wa amplifaya. Valvu ya kushoto si ile ya Odhiambo. Kioo chake kina rangi ya moshi, zile nyingine ni nyeupe. Mtu ameibadilisha. Mtu huyo hakusema neno.

Nimekasirika kiasi kwamba sikumaliza chakula.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika. Si makala. Nimeandika kwenye kundi letu la simu, mbele ya wapenda sauti wote wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, akiwemo mke wa Odhiambo. Maneno mengi. Nimesema kuna mwenzetu aliyekabidhiwa urithi wa marehemu akauchezea, akaweka valvu ya kubahatisha, kisha akakimbilia msikitini kabla hatujaisikiliza. Nimesema huo ni usaliti wenye udhu.

Nilijivunia hiyo sentensi ya mwisho. Niliisoma mara kadhaa kabla ya kuituma.

Alhamisi, 8 Mei

Athmani amejibu kwa maneno matatu. "Valvu nzima. Pima."

Kisha akatoka kwenye kundi.

Mama Achieng, mke wa marehemu, amenipigia adhuhuri. Hakupaza sauti. Alisema mumewe hakuiacha amplifaya ili itumike kumtukana mtu dini yake. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Tusipopatana anaiuza, kuna mtu anaitaka, na huyo mtu hatakuwa na haja ya kutukaribisha kwake Jumapili.

Nilimwambia sikutukana dini. Akauliza: basi udhu umeingiaje?

 

Jumapili, 11 Mei

Karanja amekuja kutoka Huruma, ambako anauza vipuri vya pikipiki. Nilimwita awe shahidi wangu. Nimekosea kumwita.

Kanuni ya kwanza ya kutafuta kasoro ninaijua mimi kuliko mtu yeyote. Badilisha nyaya, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Kasoro ikihama, ugonjwa uko kwenye amplifaya. Isipohama, amplifaya haina hatia. Nimewafundisha watu jambo hili miaka mingi, kwa matusi. Safari hii sikulifanya. Niliona kioo cha rangi ya moshi, nikahukumu.

Karanja alibadilisha nyaya. Kasoro haikuhama. Ilibaki kushoto.

Karanja akaniambia, polepole kama mtu anayeshusha mzigo: "Mzee, hapo umechoma, umekosea. Na mimi sisikii hiyo kasoro yako. Naisikia poa kabisa."

Nikamwambia masikio yake yameharibiwa na pikipiki. Alivaa koti lake akaenda. Chai yake ilibaki.

Jumatatu, 12 Mei

Basi ni spika. Nimezibadilisha nafasi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Nzito, mgongo umelalamika. Kasoro imebaki kushoto.

Basi ni chumba. Dirisha liko upande ule, kioo kinaumeza mlio. Nimetundika blanketi. Nimehamisha kabati la vitabu. Nimetoa picha ya harusi yetu ukutani kwa sababu ina kioo. Mke wangu alirudi kutoka kazini akakuta picha iko sakafuni. Alisimama akaitazama, akanitazama, akaenda jikoni.

Imebaki kushoto.

Jumatano, 14 Mei

Leo mchana nimefanya jambo ambalo sijawahi kusikia mtu amelifanya. Nilichoka kuvitazama vile vyombo. Nikakigeuza kiti, nikazipa spika mgongo.

Kasoro ilihama.

Nilikaa. Spika iliyokuwa ikinyamaza sasa ilikuwa inalia safi, matoazi yote, kila fidla. Ile iliyokuwa nzima ndiyo imejifunika shuka. Nikakigeuza kiti tena. Ikarudi ilipokuwa. Nikaziba sikio la kulia kwa kidole.

Pamba. Kote pamba.

Nimepima nyaya, valvu, spika, ukuta, dirisha. Kila kitu chumbani kilikuwa mshukiwa isipokuwa mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia mke wangu. Nilidhani atashtuka. Aliendelea kuchambua sukuma wiki.

"Baba Njeri, mimi tangu Krismasi nikitaka unisikie nahamia upande wako wa kulia. Nilifikiri unajua."

Tangu Krismasi. Kwa hiyo tangu Krismasi nimeandika makala nikisifu na kulaani mitambo ya muziki ya watu. Tangu Krismasi nimekuwa nikiweka simu sikio la kulia bila kujiuliza. Mkono ulijua kabla yangu.

Naogopa. Naandika hilo hapa kwa sababu sitalisema kwingine. Baba yangu alikufa kipofu, na niliwahi kujisemea kwamba mimi bora macho yaende, masikio yabaki. Nani aliniuliza?

Jumanne, 20 Mei

Zahanati ya masikio. Nilifungiwa kwenye kijumba kidogo chenye kuta za sifongo, kimya kizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kuketi. Nilipewa kitufe, nikaambiwa nibonyeze kila nisikiapo mlio. Sikio la kulia nilibonyeza kama mtoto kwenye mchezo. Sikio la kushoto nilingoja. Nilingoja sana. Nikaanza kubonyeza kwa kubahatisha, nikaona aibu, nikaacha.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Alisema ni mshipa wa fahamu wa sikio, si nta, si uchafu. Sauti nzito bado zipo, nyembamba zimekwenda. Lazima nipigwe picha ya kichwa kuondoa mashaka, lakini kilichokwenda hakirudi. Nikambishia. Nikamtajia niliyosoma. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudia jambo lile lile kwa maneno machache zaidi.

Nilipotoka Nairobi ilikuwa inapiga honi kama kawaida. Honi zote zilitoka kulia.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda Kaloleni. Nilipita karibu na ukumbi wa mtaa, vijana wanafanya mazoezi ya ngoma, nikatamani kusimama kuwasikiliza ili nichelewe.

Athmani alikuwa amefunga duka lake la vitambaa mapema. Mkewe alinikaribisha vizuri, kwa adabu ile inayouma, mandazi na chai ya tangawizi. Athmani aliniongoza jikoni, kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni. Nikamweleza yote. Waya, kiti, kijumba cha sifongo. Nikamwomba radhi.

 Kwanza alisema kuhusu valvu. Ile ya Odhiambo ilimfia mikononi, siku moja tu, ikazimika. Akaona haya. Akatafuta nyingine nzuri, akaipata kwa taabu, akaiweka, akanyamaza. Ile jioni ya mvua swala ilikuwa kweli, lakini pia aliogopa kukaa nami, nisije nikasikia kwamba si ile. Sikio langu lilimtisha. Sikio hili.

Nilidhani hapo tumemaliza. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu yangu Mwangi," akasema, "ulinitukana barazani. Radhi unaniletea jikoni?"

Nikamwambia anajua uzito wa anachoniomba, nikiri mbele ya kundi zima. Jina langu lote limejengwa juu ya masikio haya. Watu wanaosoma hukumu zangu, waniamini vipi?

Akasema hilo hajui. Anachojua ni kwamba watoto wake wamesoma nilichoandika.

Nikarudi nyumbani na hasira. Barabarani ilikuwa juu yake. Nilipofika mlangoni ilikuwa imeshanigeukia.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi niliandika kurasa nyingi. Nilieleza elimu ya mshipa wa sikio, nikaeleza jinsi hata mtu makini anavyoweza kudanganyika, nikajitetea kwa ufasaha. Mke wangu aliisoma. Akasema ni nzuri sana, na kwamba Athmani yumo kwenye mstari mmoja tu.

Nikafuta. Nikamwomba Karanja amrudishe Athmani kwenye kundi, kisha nikatuma hii:

"Amplifaya ya Odhiambo ni nzima. Athmani aliitunza. Sikio langu la kushoto halisikii tena sauti nyembamba, nami nikamlaumu mtu badala ya kujipima. Nililosema juu ya udhu ni aibu yangu. Athmani, naomba radhi mbele ya hawa hawa."

Sijawahi kuandika kwa ufupi hivi. 

 Yule bwana ninayebishana naye kila mwaka kuhusu nyaya za bei ghali akauliza: kwa hiyo nyaya zangu ulizihukumu kwa sikio gani? Wakacheka wengi. Niliandika jibu refu, kali, lenye haki kabisa. Nikalitazama. Nikalifuta.

Mama Achieng aliandika: Basi. Isiuzwe.

Athmani hakuandika kitu.

Jumapili, 25 Mei

Saa tisa mlango uligongwa. Karanja, na nyuma yake Athmani, ana mfuko wa karatasi. Alimsalimia mke wangu kwanza, akauliza habari za Njeri shuleni. Nami akanipa salamu ya kawaida. Haikuwa baridi wala moto.

Sikuwa nimechagua santuri. Kila niliyoishika wiki hii niliirudisha, kwa kuwa nazijua zote, najua kila kinachopaswa kutokea kushoto.

Athmani akatoa ya kwake mfukoni. Taarabu ya harusi, ya zamani, jalada limekatika kona. Ni ya enzi kabla watu hawajaanza kugawa sauti kushoto na kulia. Waimbaji, fidla, udi, wote walisimama mbele ya kipaza sauti kimoja, na wote wanatoka sawasawa kwenye spika zote mbili. Niliwahi kuandika kwamba kusikiliza santuri za namna hiyo ni kuchungulia nyumba kupitia tundu la ufunguo. Athmani aliisoma makala hiyo. Hakuitaja.

Aliiweka mwenyewe. Sindano ikashuka.

Mikwaruzo mingi. Karanja akasema inakaanga samaki, tukamwambia anyamaze. Kisha yule mwanamke akaanza kuimba, na fidla zikamfuata, nami nikangoja pale panapokosekana. Sikupaona. Kila kilichokuwemo kilinifikia.

 Nje watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye maji ya mvua.

Upande wa kwanza, ule unaodaiwa na desturi, ulipokwisha Athmani hakunitazama. Aliinuka, akaigeuza santuri, akaketi tena.