Kadi Iliyotandikiwa Mikeka

Mkunazini, Alhamisi, mkesha wa Krismasi, 1953.

Joto leo. Vuli ilituaga juzi kwa manyunyu machache, na tangu asubuhi nguo zinanigandama mgongoni. Lakini moyo wangu ni mwepesi, na nitaandika kwa nini, ingawa nusu ya habari hii ni aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilipeleka kadi zangu za Krismasi kwa mkono. Huwezi kumpa mtu wa mji huu kadi mlangoni kisha ukageuka ukaenda zako. Unakaribishwa, unakaa, unaletewa kahawa na halua, unaulizwa hali ya jamaa zako wote mpaka waliokwisha kufa. Kadi tisa zilinichukua siku tatu.

Mwaka huu nikajifanya mjanja. Mwalimu mkuu wetu shuleni, Mwingereza, huwapelekea kadi kwa posta hata walimu wa chumba cha pili, nikaona huo ndio ustaarabu. Juzi nikanunua stempu, nikaandika anwani kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikazitumbukiza zote sandukuni. Nilirudi nyumbani najisifu njia nzima.

Moja ya kadi hizo ilikuwa ya Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni jirani yangu, ukuta wetu mmoja. Yeye ni Mwislamu, lakini tangu mama yangu afariki, kila Krismasi huja asubuhi kunisaidia kupika pilau, na mimi siku ya Idi huenda kwake. Nikipiga chafya huku, yeye huniombea dua kule. Na mtu huyo ndiye niliyempelekea kadi kwa posta! Nitasema kweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Sikufanya vile kwa ustaarabu. Nilikwepa kwenda kukaa naye.

Leo saa nne asubuhi nikasikia kilio upande wa pili wa ukuta. Nikaacha unga kwenye sinia, nikajitanda kanga, nikatoka mbio. Mlangoni kwake viatu vimejaa. Ndani wanawake kama kumi, mikeka imekwisha tandikwa, na yeye katikati amejiinamia.

Nikajua ni Masudi. Ndiye mwanawe wa pekee, yuko Mombasa anafanya kazi bandarini, na tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, hajaleta neno. Barua zake huja mkono kwa mkono, kwa abiria wa meli. Posta ilipata kubisha nyumba ile mara moja tu, nayo ilileta habari ya mumewe kufia Pemba.

Nikamkumbatia, nikalia. Nililia kwa dhati, maana Masudi nimekua naye.

"Afadhali umekuja, mwanangu," akanambia, akaniwekea bahasha mkononi. "Hapa hapana ajuaye herufi hizi. Nsomee. Nambie kafa lini."

Bahasha haijafunguliwa. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na stempu zangu.

"Bi Zuwena, hajafa mtu," nikasema. "Hii nimekuletea mimi. Kadi ya Krismasi."

Akaichukua, akaifungua mwenyewe, akaitazama picha: nyumba ya Ulaya imefunikwa theluji, na kidege chekundu kifuani kimekaa juu ya uzio. Mwanamke mmoja akachungulia, akauliza kwa nini nyumba ile wameipaka chokaa mpaka paani. Wenziwe wakaanza kucheka chini kwa chini. Bi Zuwena hakucheka.

"Umekwenda mpaka posta," akasema pole pole, "kwa neno ambalo ungelisema hapo dirishani kwako ningelisikia?"

Niliona pilau ya kesho, na Krismasi zote zitakazokuja, zikinitoka hivi hivi, kwa sababu ya uvivu wa kunywa kikombe cha kahawa.

"Haya, soma basi," akasema. "Watu wameacha vyungu vyao motoni. Wasirudi bure."

Nikasoma. Nilifuata mstari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimeandika: Mungu akupe afya na uzima, wewe na mwanao, na mwaka ujao utukute sote pamoja.

"Amin," wakaitika wanawake wote kwa pamoja, juu ya mikeka ile ile ya msiba.

Hapo ndipo Bi Zuwena alipocheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akaagiza kahawa. Nilikunywa vikombe vinne na sikutazama mlango hata mara moja.

Wenziwe walipokwisha kuondoka, akaniuliza kama nimebakiwa na kadi. Nilikuwa nayo moja. Akataka nimwandikie Masudi. Nikamwambia kadi hii ina maneno makubwa ya Krismasi, bora niyakate.

"Wacha, usikate. Heri ni heri. Mwandikie mama yake leo kamlilia, watu kumi wameshuhudia. Aone haya."

Nikaandika kama alivyosema. Kisha akanipokonya kalamu, akaongeza mstari mmoja chini kwa herufi zake za Kiarabu, taratibu, huku anausema kimoyomoyo. Sikuuliza kaandika nini. Nikaenda nayo posta kabla hawajafunga.

Niliporudi alikuwa dirishani. Akaniuliza jawabu huchukua siku ngapi kutoka Mombasa. Nikasema sijui, labda wiki mbili, tukapatana kuhesabu pamoja. Kesho asubuhi anakuja kupika, kasema nimenye kitunguu thomu mapema. Mimi nimefurahi, lakini tangu leo kila tarishi wa posta atakapopita uchochoro huu, sisi wawili tutakuwa dirishani.