Koki Nyuma ya Ngazi

4 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Mimi mzima, ila maji yananitoa jasho. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, na mkataba unasema maji yamo ndani ya kodi. Yamo kweli, lakini yanakuja kwa kubembelezwa; ndoo moja inachukua saa nzima kujaa. Chini kwa mwenye nyumba yanatiririka. Nilipomweleza, alisema bomba limezeeka, asiyeridhika ahame. Jirani yangu, mkunga mstaafu, anapandisha ndoo ngazini kila asubuhi. Wewe fundi bomba wa miaka yote, nifanyeje?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Hilo la maji, vumilia. Kupata chumba karibu na kazi si mchezo, usije ukatupiwa vitu nje.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Huku si kwema. Jumatatu mkunga alianguka na ndoo yake, amevunjika nyonga. Nilimkuta amelala kwenye maji, akiniomba radhi kwa kulowesha ngazi. Wapangaji tumeshtaki kwenye baraza la nyumba, lakini mwenye nyumba anashikilia kuwa ni uchakavu tu. Hatuna cha kuonyesha.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu, barua yako nimeisoma nimesimama. Kama mafundi wa hapo walifanya tulivyokuwa tukifanya sisi, nenda nyuma ya ngazi, chini kabisa, bomba linapoanza kupanda. Utaona kifuniko cha bati. Ndani kuna koki iliyobanwa ili maji yasifike juu. Msiiguse. Mwiteni mtu wa baraza aione kwa macho yake.

Najua kwa sababu koki kama hizo nilizifunga mimi mwenyewe, kwenye nyumba nne. Wenye nyumba walisema wanabana matumizi, nami sikuuliza. Barua yako ya kwanza ilipofika nilishajua. Nikakwambia uvumilie. Nisamehe.

Baba yako

28 Mei

Baba, shikamoo, na pole kwa mawazo. Koki tuliikuta palepale. Mwenyekiti wa baraza aliifungua mwenyewe. Juu mabomba yakakohoa, kisha maji yakaja. Mwenye nyumba ameamriwa apunguze kodi na agharamie matibabu.

Mkunga amehamia kwa dada yake, hawezi tena ngazi. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Muulize, kwenye hizo nyumba nne, sasa hivi nani anapanda na ndoo?"

Mimi nimekusamehe, Baba. Swali lake nakuachia wewe.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu, marahaba. Mwambie mkunga nimeshafika nyumba mbili. Ya kwanza mwenye nyumba alinifukuza, wapangaji wakanifuata barabarani. Nikawaeleza koki ilipo, nikaandika kwamba ndimi niliyeifunga, nikatia sahihi waipeleke barazani.

Ya pili alinifungulia dada mmoja mjamzito. Nilimweleza nilichowafanyia. Hakunikaribisha kiti. Aliingia ndani, akatoka na taa, akanimulikia njia hadi nyuma ya ngazi.

Kesho naenda ya tatu.

Baba yako